Kipepeo nusu dume, nusu jike: mwongozo kamili wa kumtafuta na kumthibitisha, Lindi na Mtwara

Mabibo yakianza kulala chini ya mikorosho mwezi Oktoba, harufu yake ya kuchacha huita wageni wengi: nyuki, nzi, mbawakawa, na wale vipepeo wanene wanaoruka kwa nguvu kama waliorushwa kwa manati. Msimu huo mimi huamka mapema. Kila kipepeo anayetua namtazama bawa la kushoto, kisha la kulia, kisha narudia. Ninayemtafuta ni yule ambaye upande mmoja wa mwili wake ni dume na upande wa pili ni jike, kama kanzu iliyoshonwa kwa vitambaa viwili na mshono ukapita katikati ya kifua.

Hapa kwetu Mtama, mkoani Lindi, bado sijamtia mkononi. Lakini kumtafuta kumenifundisha jambo moja ambalo ndilo shina la mwongozo huu: anayepita bila kuonekana hupita kwa sababu mtazamaji hajui dume wa kawaida yukoje na jike wa kawaida yukoje. Ukiwajua hao wawili vizuri, wa tatu atakugutusha mwenyewe.

Ujue kwanza unatafuta nini

Wanasayansi humwita ginandromofu, jina lililoungwa kwa maneno ya Kigiriki ya mwanamke, mwanamume na umbo. Usimchanganye na huntha. Konokono wa bustanini ni huntha: kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, na ndivyo aina yake ilivyoumbwa. Ginandromofu hutokea kwenye aina ambayo dume na jike ni viumbe wawili tofauti, ila huyu mmoja amejengwa kwa seli za wote wawili. Wengine hugawanyika sawasawa kushoto na kulia. Wengine ni wa viraka: bawa la jike lenye mabaka ya rangi za dume hapa na pale.

Chanzo kiko kwenye yai. Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, X na Y. Kwa vipepeo ni kinyume: dume ana Z mbili, jike ana Z na W. Kwa hiyo yai la mama ndilo linaloamua atakayetoka ni dume au jike. Mara chache sana yai hutoka likiwa na viini viwili, kimoja kimebeba Z na kingine W. Na kwa kuwa ni kawaida mbegu zaidi ya moja za dume kuingia kwenye yai la kipepeo, kila kiini huweza kupata mbegu yake. Kimoja kinaanza kujenga dume, kingine jike, ndani ya ganda lile lile. Njia nyingine ni kromosomu ya jinsi kupotea seli za mwanzo kabisa zinapogawanyika.

Mbona rangi hazichanganyiki zikawa za katikati? Kwa sababu kwa wadudu kila seli inajitambua yenyewe kama ni ya kike au ya kiume. Sisi tuna homoni zinazosafiri kwenye damu na kuupa mwili wote amri moja. Kipepeo hana mjumbe wa namna hiyo, hivyo upande wa kushoto hausubiri amri ya upande wa kulia. Ndege nao wana Z na W, na mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Roslin ya Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza habari za kuku 3 waliokuwa jogoo upande mmoja na tetea upande wa pili. Waliposoma seli zao waligundua kuwa hata kwa kuku, seli inabeba jinsi yake yenyewe kwa kiasi kikubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mfugaji akikwambia ameona kuku wa hivyo, msikilize.

Ni adimu kiasi gani? Kadirio linalotajwa mara nyingi ni 1 kati ya 10,000, nalo hutofautiana aina kwa aina. Makumbusho ya Historia Asilia ya London, yenye vipepeo wapatao milioni 4.5, mwaka 2011 yalisema yana ginandromofu 200 hivi tu. Mwaka huo huo, Julai, mmoja alitoka kwenye pupa akiwa hai katika maonyesho ya vipepeo ya makumbusho hayo: aina ya Papilio memnon kutoka Asia, upande mmoja mweusi wa dume, upande wa pili wenye rangi nyepesi za jike, na hata papasi (antena) moja ilikuwa ndefu kuliko nyenzake. Januari 2015 zilitoka habari za mwingine, wa aina ya Lexias pardalis, aliyeonekana Philadelphia, Marekani. Aliyemgundua alikuwa mtu wa kujitolea aliyekuwa akiangalia vipepeo wapya waliotoka kwenye pupa, siku ya kazi ya kawaida kabisa.

Hatua ya 1: Chagua aina chache, uzijue kama unavyowajua jirani zako

Hapa tumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Aina nyingi za vipepeo dume na jike hufanana, na kwa hao utapoteza macho yako bure. Chagua zile ambazo tofauti inaonekana hatua tatu mbali. Kwa ukanda wetu mimi naanza na hizi.

Ya kwanza ni Hypolimnas misippus, ambaye yuko mpaka kwenye viwanja vya shule na kandokando ya mashamba ya mihogo. Dume ni mweusi wa mahameli mwenye madoa 6 meupe: 2 kila bawa la mbele, 1 kubwa la mviringo kila bawa la nyuma, na pembeni mwa kila doa kuna mng'ao wa zambarau. Jike ni rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye mkanda mweupe. Hawafanani hata kidogo, mtu asiyejua atasema ni aina mbili. Fikiria basi akija mmoja mwenye bawa jeusi la madoa kushoto na la chungwa kulia. Huyo hata mtoto wa darasa la kwanza atapiga kelele.

Jike huyu ana siri. Amejivika sura ya Danaus chrysippus, kipepeo wa chungwa ambaye ndege humkwepa kwa sababu mwili wake una sumu aliyoipata akiwa kiwavi kwenye mimea ya utomvu mweupe. Kuwatofautisha, fungua bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi katikati ya bawa, misippus jike hana, lake ni doa moja kwenye ukingo wa mbele. Na Danaus mwenyewe ni mtihani mzuri wa macho, kwani dume ana madoa 4 na jike 3. Lile la nne ni mfuko wa harufu anayoitumia kumbembeleza jike. Danaus mwenye 3 upande mmoja na 4 upande wa pili atapita mbele ya watu mia bila mtu kushtuka. Mhesabu kila anayekaa.

Ya pili ni Papilio dardanus, wa misituni na mabondeni yenye kivuli. Dume ni mkubwa, rangi ya krimu iliyoiva, kingo nyeusi, na mikia miwili nyuma. Jike wa huku bara la Afrika kwa kawaida hana mikia, naye ana sura nyingi mno, kila moja ikiiga kipepeo mwingine mwenye sumu: mweusi na mweupe, au mweusi na chungwa. Nusu kwa nusu wa aina hii angekuwa na mkia mmoja tu. (Mikia pia hukatika, tutalirudia hilo.)

Ya tatu ni Charaxes cithaeron, mmoja wa wale wanene wa kwenye mabibo. Dume ni mweusi wenye madoa ya buluu, jike ana mkanda mpana mweupe kwenye bawa la mbele. Pia wapo Colotis wa vichaka vikavu, weupe wenye ncha za mabawa nyekundu, za chungwa au za zambarau, ambao dume kwa kawaida rangi ya ncha yake ni pana na kali kuliko ya jike. Hawa nimewaweka mwisho makusudi, kwani tofauti yao ni ya kipimo na inahitaji mazoea.

Andika kila unayemwona kwenye daftari: aina, dume au jike, kushoto sawa, kulia sawa. Fanya hivyo mwezi mzima kabla hujafikiria kingine chochote.

Hatua ya 2: Wakati, mahali na ruhusa

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei. Vipepeo ni wengi zaidi majani yanapokuwa mabichi na wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Kiangazi si muda wa kulala: vijito na matope yaliyobaki hukusanya makundi yanayonyonya chumvi, ila kumbuka kwamba wanaokaa matopeni huwa wengi wao ni madume. Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana.

Kwa misitu, Lindi tumejaliwa. Uwanda wa Rondo una hifadhi ya msitu wa mazingira asilia, maarufu kwa komba wake mdogo. Msitu wa Litipo uko jirani na ziwa la Rutamba. Kwa Mtwara, mabonde ya kingo za uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, na vichaka vya pwani kuanzia Mikindani hadi Msimbati vinatosha kukupa kazi ya mwaka mzima. Kuingia hifadhini unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwenye ardhi ya kijiji, anzia kwa mwenyekiti.

Kwenye shamba la mtu, anzia kwa mwenye shamba. Nilipoingia kwenye mikorosho ya bibi mmoja jirani yetu, nilimkuta anaokota.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na huo wavu unavua nini huku kwangu hakuna maji?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Basi usije wiki ya kupuliza dawa. Vipepeo hutawaona, na macho yako yataumia." Alisema kweli. Kuanzia Juni mashamba hupulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kuna viuatilifu vya kuua mbu wa mikorosho, mdudu anayenyonya machipukizi yake, ambavyo haviwaachi viwavi. Uliza ratiba ya kupuliza kabla ya kupanga safari.

Hatua ya 3: Mtego wa mabibo

Vipepeo wa jamii ya Charaxes hawashughuliki na maua, wanataka tunda lililochacha, utomvu wa mti, hata kinyesi. Kumkimbiza kwa wavu ni kazi ya bure. Mwalike.

Ponda mabibo na ndizi mbivu sana, changanya, funika kwenye ndoo kwa siku 3 hadi 5 mpaka povu litoke. Nje ya msimu wa mabibo tumia ndizi peke yake na kijiko cha sukari. Kikombe cha uraka, pombe ya mabibo, kikibaki, kimimine humo, kinaharakisha.

Mtego ni mfuko wa wavu wenye umbo la ndoo ndefu, urefu wa sentimita 80 hivi, uliofungwa juu na kuachwa wazi chini. Ushikilie mviringo kwa pete mbili za waya. Chini yake ning'iniza sahani ya chambo, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kati ya sahani na mdomo wa mfuko. Kipepeo huingia kwa chini, akishiba huruka kwenda juu, na hapo hutulia ukutani mwa wavu bila kudhurika.

Nakuomba sana kwa hili: usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, hata kikiwa kikuukuu. Dawa ile imewekwa kuua wadudu, na kipepeo ni mdudu. Nunua kitambaa chepesi cha pazia. Ning'iniza mtego kwenye tawi lenye kivuli, paka grisi kwenye kamba ili siafu na sisimizi wa maji moto wasishuke, na uukague asubuhi, mchana na jioni. Usiku ushushe.

Hatua ya 4: Fuga, ndiko kwenye bahati kubwa

Rudi kwenye hadithi za London na Philadelphia: wote wawili walionekana mahali ambapo vipepeo hutoka kwenye pupa mbele ya macho ya watu. Kipepeo mwituni anaishi muda mfupi, na ginandromofu, mabawa yake yakiwa ya ukubwa tofauti, anaweza kuruka upande upande na kuliwa mapema. Nyumbani kwako unamwona akiwa mpya.

Tafuta tako la hasani, ule mmea unaotambaa ardhini wenye majani madogo manene na maua ya njano, unaoota kwenye bustani za mboga bila kupandwa. Jike wa misippus hutaga juu yake. Viwavi wake ni weusi, wamejaa miiba yenye matawi, na kichwa cha kahawia nyekundu kina pembe mbili. Wachukue wachache, wasipungue mahali ulipowakuta. Waweke kwenye boksi lenye mfuniko wa wavu, uwape majani mabichi kila siku na utoe kinyesi, kwani unyevu na uchafu huwaua kuliko njaa. Kwa joto la huku, kutoka yai mpaka kipepeo ni kama mwezi mmoja. Weka vijiti vya kusimama, maana asiyepata pa kuning'inia akitoka pupani mabawa hukauka yakiwa yamekunjika.

Wanaofuga kwa wingi, kama walivyofanya wale wa Amani kule Muheza, huona maelfu ya pupa. Mtu wa namna hiyo akikagua kila anayetoka, ana nafasi ambayo mimi mwenye maboksi matatu sina.

Hatua ya 5: Umemwona. Sasa mkanushe

Moyo ukidunda, hapo ndipo pa kuwa mkali na nafsi yako. Jaribu kwa nguvu zote kuthibitisha kwamba siye.

Kuchakaa ndiko kunakodanganya zaidi. Rangi ya kipepeo ni magamba madogo kama vumbi, na yakipukutika upande mmoja, upande huo hupauka. Niliwahi kushika misippus dume aliyefutika kushoto mpaka akawa wa kahawia, nikapoteza siku nzima nikiamini nimempata. Tangu hapo siangalii rangi kwanza, naangalia mchoro: madoa yako pale pale yanapopaswa kuwa? Ukigeuza bawa chini, mchoro wa chini unakubaliana na wa juu?

Mwanga nao hudanganya. Zambarau ya dume huonekana ukitazama kwa pembe fulani tu, hivyo bawa moja huweza kung'aa na la pili likawa jeusi kavu. Msogeze. Mkia uliokatika huacha ukingo wa kuchanika, ilhali bawa la jike wa dardanus lina ukingo laini wa asili. Wawili wanaojamiiana huonekana kama mmoja mpaka waruke. Sura za masika na za kiangazi hubadilisha rangi, lakini hubadilisha pande zote mbili.

Ukivuka hayo, pima urefu wa bawa la kushoto na la kulia kutoka shinani hadi nchani. Majike wa aina nyingi ni wakubwa, kwa hiyo tofauti ya milimita kadhaa ni ushahidi mzuri. Kwa misippus, Danaus na Charaxes tazama miguu ya mbele kabisa, ile midogo iliyokunjwa kifuani: ya dume imekuwa kama brashi ya manyoya, ya jike ina pingili ndogo mwishoni. Miguu miwili isiyofanana inathibitisha kuliko rangi yoyote. Mwisho tazama ncha ya tumbo kwa lenzi, pale dume anapokuwa na vibanio.

Akiwa na viraka tu, bila mstari wa katikati, usimtupe. Huyo pia ni ginandromofu na anastahili kumbukumbu yote.

Picha za mtandaoni na vipepeo wakavu wanaouzwa ni habari nyingine. Kuna wanaobandika kwa gundi mabawa ya dume na jike kwenye mwili mmoja, na siku hizi picha hutengenezwa na kompyuta. Asiyekuonyesha shina la bawa, upande wa chini na mahali alipopatikana, usimwamini.

Hatua ya 6: Picha, daftari, na kumwachia

Mshike kwa mabawa yaliyokunjwa juu ya mgongo, karibu na mwili, kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vikiwa vikavu. Piga juu mabawa yakiwa wazi, chini, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso na papasi, miguu ya mbele, ncha ya tumbo. Weka rula kwenye picha moja. Usitumie urembo wa rangi wa simu. Ukiwa na video ya anavyoruka, ni hazina.

Andika tarehe, saa, kijiji, kata, namba za eneo kutoka kwenye simu, mmea aliokaa au chambo, na majina ya walioshuhudia kwa ridhaa yao. Pakia picha kwenye jukwaa la iNaturalist na uwatumie wataalamu wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mifupa ya mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, iliyochimbwa huku kwetu kati ya 1909 na 1913, iko Berlin hadi leo. Ndiyo maana nasisitiza kumbukumbu ya kwanza ya kipepeo huyu ianze kwenye daftari la mtu wa hapa, kwa mkono wake.

Kukusanya vielelezo kwa utafiti kunahitaji vibali, na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) ndiko pa kuulizia. Ukimkuta amekwisha kufa, usimtie kwenye plastiki, ataota ukungu. Mkunje kwenye bahasha ya karatasi, andika maelezo juu yake kwa penseli, weka kwenye kopo kavu lenye mchele uliokaangwa ukapoa, na mbali na sisimizi.

Akiwa hai, usimfungie ukisubiri wageni. Wa pande mbili kwa kawaida hawezi kuzaa, na siku zake ni chache. Mrudishe pale pale ulipomtoa, kabla ya saa tisa, jua likiwa bado na nguvu. Mweke kwenye jani, rudi nyuma hatua kumi, ukae chini, uangalie anaanza kwa bawa lipi.